Mashine, Kaseti za Ujiji na Salamu ya Bibi Nyandwi

Tabora, asubuhi ya kuondoka. Mimi sikupangwa kwenda Ujiji. Aliyepangwa ni mwenzangu wa ofisini, lakini mtoto wake akaamua kuzaliwa kabla ya wakati. Basi Dada Salome, mkuu wetu, akaniita akaniambia, "Editha, fungasha. Unapanda treni ya Kigoma."

Kazi yenyewe ni hivi. Mradi wetu ni mdogo, ofisi iko nyuma ya duka la spea za baiskeli, na unasaidia nyumba za utamaduni za huku magharibi: zile nyumba za vyumba viwili vitatu zinazotunza ngoma, mikuki, picha za zamani na sauti za wazee waliorekodiwa. Safari hii tulikuwa na seti moja tu ya kugawa. Laptopu, kifaa cha kuingizia kaseti kwenye kompyuta, paneli ya sola, na programu ya akili mnemba ambayo inamsikiliza mtu akiongea, halafu inaandika alichosema. Seti moja, na nyumba zinazoitaka ni nyingi.

Dada Salome hataki kurudia yaliyotokea mwaka jana. Nyumba moja tuliipa kompyuta. Tulipokwenda kuitembelea tukaikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna maua ya plastiki. Ilikuwa imependeza kweli, ila haijawahi kuwashwa.

"Mashine si tatizo," akaniambia. "Tatizo ni watu. Kaongee nao, wajaribishe kwa laptopu na kifaa cha kaseti vya hapa ofisini, halafu uniletee jibu moja: tayari au bado. Wakiwa bado, seti inakwenda kwingine."

Nikamwambia jibu atalipata kabla wiki haijaisha. Mimi nimemaliza kidato cha sita, kuuliza maswali najua, na kuzunguka zunguka sipendi. Kama ni ndiyo, sema ndiyo tuendelee.

Njiani. Treni ilichelewa kuingia Tabora, jua lilikuwa limeshapanda. Nilikasirika, ila faida yake nikaona njia mchana: Urambo, Kaliua, halafu Nguruka, watu wanakimbilia madirishani na samaki waliobanikwa na asali kwenye chupa za maji. Baada ya hapo mto Malagarasi umetanda kwenye majani hadi hujui mto unaishia wapi. Uvinza nilinunua chumvi kwa sababu kila mtu behewani alikuwa ananunua.

Niliketi na mama mmoja wa Kaliua aliyekuwa anafuata mawese Kigoma. Akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kupima utayari wa watu kutumia akili mnemba.

"Utayari unaupima kwa nini? Kwa kilo au kwa lita?"

"Kwa maswali, mama."

Akacheka hadi mtoto aliyelala mapajani mwake akaamka. "Mume wangu aliniuliza kama niko tayari kuolewa. Nikasema ndiyo. Nimekuja kuwa tayari kweli baada ya mtoto wa tatu."

Nami nikacheka, nikageukia dirishani. Nilimwona ni mama mchangamfu tu.

Kigoma, jioni. Reli inaishia pale pale, mbele yako hakuna kingine ila ziwa. Nilitoka stesheni, nikachukua bajaji hadi Ujiji. Dereva alinipigia hesabu ya kuniibia, nikamwambia, "Kaka, mimi natoka Tabora, sitoki Ulaya," tukaelewana. Tukapita mtaa wa Mwanga, tukateremka kwenye michikichi na nyumba za zamani zenye baraza ndefu. Bi Mwajuma alikuwa ameshasimama barazani ananisubiri.

Bi Mwajuma ndiye mtunzaji wa nyumba ya utamaduni niliyotumwa kuiona. Ni mama wa makamo, mnene, sauti yake nzito, ushungi umefungwa vizuri muda wote. Nikamwamkia, akaitikia, nami hapo hapo nikaanza, "Mama, kesho ningependa tuanze na..."

"Umekula?"

"Bado, lakini..."

"Basi kesho iko kesho. Nawa mikono."

Nikala ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwani kwao. Neno la kazi lilinikaa kooni usiku kucha.

Ujiji, Jumatatu. Nyumba ya utamaduni ni vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yake. Chumba cha kwanza kina ngoma, makasia, taa za zamani za karabai zilizokuwa zinatumika kuvulia dagaa, vyungu na mizinga ya nyuki. Chumba cha pili kina ndoo tatu za plastiki zenye vifuniko. Nilidhani ni maji. Bi Mwajuma akafungua moja: ndani kuna mchele, na ndani ya mchele kuna kaseti.

"Unyevu wa ziwa," akasema. "Mchele unavuta maji. Ukilainika naubadilisha."

"Na ule wa zamani?"

"Tunaula. Sasa nitupe mchele?"

Kaseti zile aliziacha marehemu mume wake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila likizo alikuwa anafunga redio kaseti kwenye baiskeli anazunguka vijiji vya ufukweni na vya milimani, anawarekodi wazee wakiimba na kusimulia. Alikuwa na ahadi moja aliyompa kila mzee: sauti ni yako na ya watoto wako, mimi ni mtunzaji tu. Bi Mwajuma ameishika ahadi hiyo hadi leo. Ila mchele peke yake hautoshi. Alichukua kaseti moja, akaivuta utepe kidogo nione. Ulikuwa umenata, umefanya vumbi la kahawia.

"Kila mvua zikinyesha napoteza kadhaa," akasema. "Mwalimu wangu nilishamzika, kilichobaki chake ni sauti hizi za wazee. Zikiisha hizi, nimemzika tena." Halafu akanitazama. "Mimi niko tayari. Andika."

Nikamweleza kwamba yeye peke yake hatoshi. Programu yetu Kiswahili inakijua vizuri, Kiha cha wazee hawa inakisikia kwa shida. Inahitaji watu wa kukaa nayo, kusikiliza na kusahihisha, na ndugu wa hao wazee wakubali. Utayari wa mtunzaji bila watu ni kile kitambaa cha kufuma.

"Watu watakuja," akasema.

Akaweka kaseti moja iliyokuwa bado nzima, ya Bibi Nyandwi wa Kalinzi, ambaye alifariki zamani kidogo. Mwanzo wake nilisikia watu wanasalimiana na kupiga makofi taratibu, pa, pa, pa, wanaulizana habari zisizoisha. Nikasogeza mbele. Bado salamu. Nikasogeza tena hadi nikakuta wimbo, na hapo nikaacha kusogeza. Sauti ya yule bibi ilikuwa imekwaruza lakini imenyooka, kama mtu anayejua kwamba hatakatizwa.

Katonga, Jumanne. Hapa ndipo mitumbwi inaposhusha dagaa. Nilifika kukiwa kweupe, wanawake wameshatandaza samaki kwenye mchanga na kwenye vichanja hadi ufukwe mzima unameta. Bi Mwajuma alikuwa ameniambia nimtafute Mama Espe, mkubwa wa kikundi cha waanika dagaa. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa na kukulia hapa, na kwenye zile kaseti kuna shangazi yake.

"Amahoro!" akanisalimia kwa Kirundi kunijaribu. Nilipobabaika wenzake wakacheka. "Huyu wa Tabora tumhurumie. Karibu, mama."

Nikaanza maswali. Je, mmesikia habari za akili mnemba? Ndiyo, tumesikia, iko kwenye simu. Je, mtakubali sauti za wazee wenu ziandikwe na mashine? Tunakubali. Je, mko tayari kuja kukaa na mashine na kuisahihisha? Tuko tayari. Lini? Hata kesho!

"Kesho mchana, kwa Bi Mwajuma," nikasema.

"Tutakuja wote," akasema Mama Espe. "Utatafuta viti."

Akanifungia dagaa kwenye mfuko, akakataa katakata kulipwa. Nikarudi Ujiji moyo umejaa. Siku ya pili tu na jibu ninalo! Nikampigia Dada Salome nikamwambia hawa watu wako tayari kuliko wengine wote. Akasema, "Subiri kesho." Nikaona ananivunja moyo bure.

Jioni ile nikataka kuwaandalia kitu cha kuwafurahisha. Programu yetu ina uwezo mwingine: ukiipa sauti ya mtu kwa dakika chache, inaweza kusema maneno yoyote unayoyaandika kwa sauti ile ile. Wafadhili wetu wanaipenda sana sehemu hiyo, kila wakija lazima waonyeshwe. Nikaipa sauti ya Bibi Nyandwi. Nikaandika maneno ya kukaribisha wageni, nikafunga laptopu nikalala. Bi Mwajuma sikumwonyesha, nilitaka naye ashtuke kwa furaha.

Ujiji, Jumatano. Tuliazima viti msikitini na kwa majirani. Mchana ukafika. Viti vikawa vimekaa peke yake. Nikatoka barabarani, nikarudi, nikatoka tena.

"Leo jua kali na jana mitumbwi imepata," akasema Bi Mwajuma. "Dagaa hawaachwi juani waende mkutanoni."

"Sasa kwa nini walisema watakuja?"

"Ulitaka wakwambie hapana usoni? Mgeni, umetoka Tabora, umesimama kwenye mchanga wao?"

Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Hapo ndipo pikipiki ikasimama, akashuka mama mmoja mrefu, mkavu, amevaa kitenge juu ya koti la mvua. Bi Mwajuma akaenda kumpokea mikono yote miwili. Alikuwa Mama Bukuru, mama wa mapacha, mtoto wa Bibi Nyandwi. Ameshuka kutoka Kalinzi kwa sababu Bi Mwajuma alimtumia salamu kwamba sauti ya mama yake itasikilizwa. Hakuwa ameisikia tangu msiba.

Mtu mmoja ni bora kuliko viti vitupu. Nikamwambia "Shikamoo mama," na kabla hajamaliza "Marahaba" nikamwambia, "Nina zawadi yako," nikabonyeza.

Sauti ya Bibi Nyandwi ikajaa chumbani, safi, haina mkwaruzo wa kaseti:

"Shikamooni wageni wetu. Mimi ni Bibi Nyandwi. Karibuni sana kwenye nyumba ya utamaduni."

Nilikuwa nimetabasamu. Nilitabasamu peke yangu. Bi Mwajuma alishika mdomo. Mama Bukuru alikuwa ametazama ile laptopu kama mtu aliyepigwa na mtoto.

"Mama yangu anamwamkia nani?" akauliza polepole.

"Wageni. Wanafunzi, watalii, watu wata..."

"Wanafunzi. Mama yangu anawapa watoto wa shule shikamoo." Akasimama. "Mama yangu alikuwa anaamkiwa na mtendaji wa kata. Watu walikuwa wanapiga makofi mlangoni, wanangoja aitikie. Leo amekufa, mmemfanya awe binti wa mapokezi?"

"Ni maneno tu, mama, naweza kuyabadilisha sasa hivi..."

"Ndiyo. Unaweza. Hilo ndilo ninaloliogopa." Akamgeukia Bi Mwajuma, na sauti yake ikashuka. "Wifi, Mwalimu alisema sauti ni ya kwetu. Basi isiguswe. Na ya baba mdogo, na ya wale wa kilimani wote, nitawaambia."

Pikipiki ikaondoka. Bi Mwajuma alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vya kuazima. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nusu ya kaseti ni za kilimani," akasema. "Akikataa yeye, wamekataa wote. Na nilimwapia Mwalimu. Siwezi kuziingiza kwenye mashine kwa siri."

"Kwa hiyo jibu ni bado?"

"Jibu utaandika wewe. Mimi kesho naenda Kalinzi kumwomba radhi."

"Nakwenda na wewe."

Akainuka kitini. "Sharti moja. Hutaanza wewe kusema neno lako. Hata ukiwashwa ulimi."

Kalinzi, Alhamisi. Tulipanda kwa pikipiki mbili, Bi Mwajuma kabeba sukari na mimi wale dagaa niliopewa Katonga. Unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, ziwa linabaki chini nyuma yako, na mbele migomba na mibuni imebanana hadi njia inageuka kichochoro. Ilikuwa wakati wa mavuno, kahawa imeanikwa kwenye vichanja karibu kila nyumba.

Tulisimama nje ya ua. Bi Mwajuma akapiga makofi taratibu, nami nikamfuata. Hakuna aliyejibu, ingawa moshi ulikuwa unatoka jikoni. Tukapiga tena. Mwishowe Mama Bukuru akatoka anajifuta mikono.

"Mwakeye," akasema Bi Mwajuma, salamu yao ya asubuhi, nami nikairudia nikiwa nimeinama. Zikaja habari za nyumba, za mapacha, za ng'ombe, za mvua, za msiba wa jirani, za mtu wa Ujiji ambaye simjui hata kidogo. Kila habari ina makofi yake na kimya chake. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nimeshaomba msamaha mara nyingi. Mdomoni nikang'ata ulimi.

Tulipomaliza, Mama Bukuru akanionyesha kichanja cha kahawa. "Binti, toa zilizooza." Basi. Akaingia ndani na Bi Mwajuma.

Nilichambua kahawa. Kwanza nilichambua kwa hasira, nikitupa nzuri na mbaya pamoja, akapita akasema, "Hiyo uliyotupa imekukosea nini?" Nikaanza upya. Jua likapanda. Ndani wanaongea Kiha, wanacheka, wananyamaza. Kuna wakati nilisikia mtu analia, sikujua ni yupi.

Chakula kilipoiva, maharage na ndizi, ndipo akanigeukia. "Haya. Sema ulichokuja nacho."

Njia nzima nilikuwa nimepanga hotuba. Nikasema tu, "Mama, nilikosea. Sikujua kama nimemshusha. Niliharakisha."

"Uliharakisha," akakubali. Akamega ndizi. "Sasa nieleze hiyo mashine. Inafanya nini cha maana?"

Nikamweleza kwamba inasikiliza kaseti kabla haijafa, inahifadhi sauti, inaandika maneno, na mtu wa Kiha anasahihisha. Nikamweleza kuhusu mchele na utepe ulionata.

"Hilo nani amelikataa?" akasema. "Mama aseme alichosema, kiandikwe, wajukuu wakisome. Mimi nakataa kuongezewa. Aliyekufa haongezewi maneno. Leo umemwekea shikamoo. Kesho mwingine atamwekea 'mchagueni fulani'. Nani atamkatalia, yeye amelala kule mgombani?"

Ofisini kwetu tunapima kama watu wanajua kuwasha kompyuta, kama umeme upo, kama wanaiogopa. Swali la Mama Bukuru halikuwa kwenye maswali yangu hata moja.

"Nikiizima hiyo sehemu kabisa?" nikauliza. "Isiweze kumsemesha mtu yeyote?"

"Wewe una uwezo huo? Au unaniambia ndiyo kama watu wa ufukweni?"

Bi Mwajuma akacheka, nami nikajikuta nacheka. "Sina uwezo," nikasema. "Mwenye uwezo ni mkuu wangu. Nitamwomba."

"Hilo ni jibu la mtu mzima. Omba. Na mimi Jumamosi nakuja kumsikiliza mama. Mama mwenyewe, si yule wa mapokezi."

Ujiji, Ijumaa. Siku ya kumpigia Dada Salome. Alikasirika, hasira yake ni ya kimya.

"Editha, wafadhili wanapenda ile sauti ya kusemesha kuliko kitu kingine. Nikiwaambia Ujiji wanataka tuizime watasema Ujiji hawako tayari."

"Dada, waliosema wako tayari hawakuja. Aliyekataa ndiye aliyeshuka mlima. Na anarudi kesho."

"Anarudi kweli?"

Kwa mara ya kwanza safari nzima sikujibu haraka. "Sijui," nikasema. "Kesho nitakwambia."

Mchana Bi Mwajuma akaenda msikitini, nikabaki nabadilisha mchele kwenye ndoo. Ule wa zamani nikaupika. Hauna neno, ila una kaharufu ka plastiki.

Ujiji, Jumamosi. Alikuja. Alikuja na gunia la kahawa ya kuuza Mwanga, akaliacha kwa dereva, akaingia, akasalimia, akasalimiwa, akakaa. Nikaweka kaseti, nikasogeza mbele kwenye wimbo kama nilivyozoea.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Rudisha. Mwanzo kabisa."

Nikarudisha. Kwa mara ya kwanza nikasikiliza ule mwanzo niliouruka, Bi Mwajuma akinitafsiria Kiha. Kijana mwanamume anapiga makofi nje ya nyumba. Kimya. Anapiga tena. Sauti ya Bibi Nyandwi kutoka mbali inauliza ni nani. Anajitaja. Bibi anamwuliza ni mtoto wa nani, ametokea kwa nani, huko alikotoka wamelalaje, na kila jibu linafuatwa na makofi. Kijana anajaribu kusema habari ya wimbo. Bibi anamkatiza: "Nyimbo hazikimbii, mwalimu. Umekula?"

Bi Mwajuma akajifunika uso kwa ushungi. Yule kijana alikuwa mume wake.

Mama Bukuru hakulia. Alikuwa anapiga makofi, taratibu sana, sambamba na ya kwenye kaseti, kama mtu aliyefika kwa mama yake.

Halafu tukaangalia mashine imeandika nini. Wimbo iliuandika vipande vipande, kwenye Kiha imebahatisha. Lakini salamu zote zile hazikuwepo. Programu ina kawaida ya kusafisha kelele. Makofi iliyafuta, na kimya cha katikati ikakikata. Kwenye maandishi mwalimu anafika tu na Bibi anaimba tu.

"Imefanya kama wewe," Mama Bukuru akaniambia. Bi Mwajuma akacheka huku anafuta macho.

Hiyo niliweza kuirekebisha mwenyewe. Nikazima usafishaji, tukaanza upya. Tukaandika makofi mahali pa makofi, na kimya mahali pa kimya. Mama Bukuru alikuwa anasema neno, mimi naandika, tunasikiliza tena, anabisha, Bi Mwajuma naye anabisha. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya kaseti tuliposikia hodi. Mama Espe, ndoo ya dagaa kichwani, na wenzake wawili.

"Si nilisema tutakuja?"

"Ilikuwa Jumatano!" nikasema.

"Jumatano dagaa walikuwa wengi. Sasa viti viko wapi?" Akachungulia laptopu. "Na shangazi yangu yuko ndoo gani?"

Kigoma, Jumapili. Bi Mwajuma alinisindikiza hadi stesheni, akanipa mawese kwenye dumu na maelekezo ya namna ya kulishika lisimwagike. Kuhusu mashine hakuniuliza hadi treni ilipopiga honi.

"Utaandika nini, mwanangu?"

"Tayari. Kwa masharti yenu."

"Na wakikataa masharti?"

"Basi wasiwape wengine kabla hawajawauliza hao wengine swali la Mama Bukuru. Hilo pia nimeliandika."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuonekana kama mtu aliyeahidiwa kitu. Alirudi kwenye ndoo zake.

Tabora. Ripoti yangu ilikuwa fupi. Niliandika kwamba huku "ndiyo" ya siku ya kwanza ni heshima kwa mgeni, usiihesabu, ila usiidharau, inaweza kufika imechelewa na dagaa kichwani. Niliandika kwamba mtu anayekwambia hapana na sababu yake ameshaanza kuifikiria mashine kuliko wewe uliyeileta. Na niliandika kwamba tusipime kama watu wako tayari kwa mashine kabla hatujapima kama mashine iko tayari kwa watu hao. Dada Salome alisoma, akafuta sentensi ya mwisho akisema ninahubiri, akapeleka iliyobaki.

Jibu lilichukua muda. Kila mawingu yakijikusanya nilikuwa nafikiria ndoo zile. Kisha mchana mmoja Dada Salome akatoka ofisini kwake akasema, "Wamekubali. Sauti ya kusemesha inaondolewa kabisa. Seti inakwenda Ujiji. Piga simu."

Nilitoka nje mbio, nikapiga. Ikapokelewa.

"Bi Mwajuma! Mmepata! Wamekubali yote, seti inakuja, wameizima ile..."

Nikasikia kaseti inazunguka kwa mbali, watu wengi chumbani, na Bi Mwajuma anavuta pumzi kama mtu aliyeshusha mzigo. Kabla hajasema kitu, sauti kavu ya Mama Bukuru ikasikika nyuma yake:

"Mwambie akate simu. Apige tena, aanze na salamu."

Nikakata. Nikapiga tena.